"Tupu" ya Kiingereza ni ipi? Mwongozo wa mtu wa steshenari Kigoma

Mi nina kibanda cha steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Fotokopi moja, kompyuta mbili, na printa ambayo ikiamua kugoma inagoma hata kama wino upo. Kazi kubwa ni kuchapia watu barua, na barua nyingi za huku zinatakiwa kwa Kiingereza kwa sababu ya mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi kule Kasulu na Kibondo. Sasa siku moja akaja kijana anaomba udereva, kaandika mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, sentensi ya kwanza inasema "I am applying for the empty post of driver". Nikachapa vilevile. Nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa ila foleni ilikuwa mpaka barazani, nikapotezea. Wiki mbili mbele jamaa karudi, kaka, kwenye usaili wameicheka barua yangu, mbona hukunishtua? Nilikosa pa kuweka uso.

Ndo nikaanza kuwa na daftari. Kila mteja akija na "tupu" yake naandika imetumikaje na ingepaswa kuwa neno gani, nauliza walimu, naangalia kamusi, mpaka sasa nimeshajua njia ya kupita. Hii ndo naiandika hapa kwa yeyote anayeandika barua, tangazo, mkataba au anayemfundisha mtoto.

Kwanza ujue tunapokosea. Sisi tuna "tupu" na "wazi", na maneno haya mawili yanabeba karibu kila kitu. Ndoo tupu, nyumba tupu, mikono mitupu, nafasi wazi, kiti kiko wazi, karatasi haijaandikwa kitu basi tunasema iko tupu. Mwingereza naye anaona kitu hakipo, ila kabla hajafungua mdomo anataka ajue kilichokosekana ni nini. Ni mali iliyokuwa ndani? Ni mtu mwenye mahali pale? Ni maandishi? Ni kifuniko? Ni nguvu ya kisheria? Kila jibu lina neno lake. Kwahiyo hatua ya kwanza, na ukiniuliza mi ntakwambia ndo kazi yote ilipo, acha kutafsiri "tupu", jiulize KIPI HAKIPO.

Empty na vacant, hawa ndo walionifanya nicheke na kulia

Mfano ambao sijawahi kukosa kueleweka nao ni wa basi. Uko kwenye basi la Kigoma kwenda Dar, mmefika porini dereva anasimamisha watu wakachimbe dawa, wanaume kushoto wanawake kulia, wewe umebaki ndani umelala. Ukifumbua macho viti vyote vimebaki vyenyewe. Hivyo viti ni empty. Sio vacant hata kimoja! Kwa sababu kila kiti kina mwenyewe, katoka tu, kaacha hata kofia yake. Ukienda kukaa kwenye kiti cha mtu ukamwambia kilikuwa wazi utaona. Ila kiti cha yule aliyeshuka jumla pale Tabora, ambacho hajapanda mtu mwingine, hicho ndo vacant, kinasubiri mwenyewe mpya.

Yaani empty inaangalia ndani kuna nini sasa hivi. Vacant inaangalia mahali pana mwenyewe au hapana. Dada wa mapokezi akiwa likizo ya uzazi kiti chake ni empty miezi mitatu, lakini ile kazi sio vacant, ukituma barua ya kuiomba unamkosea. Ndo maana nafasi ya kazi ni vacant post, na tangazo lenyewe linaitwa vacancy. Yule kijana wangu wa udereva aliandika kitu ambacho kwa sikio la Mwingereza ni kama cheo kilichotobolewa kikamwagika.

Gesti nazo hivohivo. Pale gesti ikiandika "no vacancy" maana yake vyumba vyote vina watu waliolipia, hata kama muda huo wote wako Kibirizi wanasubiri boti na ukigonga mlango mmoja mmoja hupati jibu. Vyumba empty, vacancy hakuna.

Na hapa kuna la hela, msipitilize. Kwenye mikataba ya kuuza nyumba kwa Kiingereza utakuta "vacant possession", yaani unakabidhiwa nyumba haina mpangaji wala mtu anayedai yumo, na vyombo vyao wameshatoa. Mzee mmoja alileta mkataba nimtolee kopi, nyumba anayonunua ina wapangaji watatu na yeye anafikiri hayo maneno yanamaanisha nyumba haina makochi. Shikamoo mzee, nikamwambia, hawa wapangaji ni wa nani kuwatoa? Akakaa chini kwanza.

Kuna kitu nilikisoma nikafurahi: zamani sana kwenye Kiingereza cha kale neno lililozaa empty lilikuwa na maana ya mtu asiye na shughuli, mwenye muda. Sasa si ndo sisi na "nafasi" yetu? Una nafasi jioni, nafasi ya kazi, nafasi kwenye gari. Vacant yenyewe imetoka Kilatini, ukoo mmoja na vacation ya likizo na evacuate ya kuhamisha watu kwenye hatari. Ukikumbuka huo ukoo hutachanganya: likizo mtu katoka, uhamisho watu wametoka, vacant hapana mtu.

Hollow, hapa tuende taratibu

Wajomba zangu wako Sikonge, mkoa wa Tabora, ni watu wa asali toka enzi na enzi, na mizinga yao mingi bado ni ile ya magogo. Unakata gogo, unalichimba ndani mpaka libaki kama bomba, unaziba huku na huku, unaacha tundu la nyuki kuingilia, unapandisha juu ya mti unangoja. Sasa huo mzinga siku ya kwanza ni empty, nyuki hawajaingia. Miezi ikipita wameingia, wamejenga masega, asali imejaa mpaka inachuruzika, huo mzinga sio empty tena. Lakini toka siku ya kwanza mpaka siku unaoza na kudondoka, lile gogo ni HOLLOW. Hata likijaa. Ndo nilipoelewa kwamba hollow haisemi kilichomo, inasema kitu kimeumbwaje, kina uwazi katikati ambako ungetegemea kuwe na mwili mzima.

Mwanzi ni hollow. Mfupa wa ndege ni hollow. Tofali za block zenye matundu mafundi wa Kiingereza wanaziita hollow blocks, hata ukizijaza zege. Mtumbwi wa gogo wanasema ume"hollowed out", umechimbwa ndani. Neno lenyewe ni ndugu wa hole, tundu. Kwahiyo ndoo haiwezi kuitwa hollow, ndoo ni chombo, kazi yake ni kuwa na nafasi ndani, hakuna anayeishangaa. Na chumba cha kupangisha usithubutu, maana nimeshachapa tangazo la "hollow room for rent" na lilikaa ukutani siku nne kabla mwalimu mmoja hajapita.

Ukitoka kwenye vitu ukaingia kwenye maneno ya moyoni, hollow inabeba ile hali ya kitu kizuri nje, ndani hakuna kitu. Hollow laugh, kicheko cha mtu ambaye hajafurahi. Hollow victory, umeshinda kesi ya kiwanja cha baba ila ndugu wote hawakusalimii. Empty inapenda zaidi kukaa na ahadi, vitisho na maneno: empty promise, empty threat, empty words. Ahadi inaweza kuwa hollow pia na watu wanasema, ila tofauti naisikia hivi, empty promise ni ahadi isiyo na kitu ndani, hollow promise ni ile uliyoigonga ukasikia sauti yake ukajua. Debe tupu haliachi kuvuma, mnajua wenyewe. Kigugumizi kidogo hapo, debe ni empty, ila SAUTI yake Mwingereza anaiita hollow sound. Wamegawana methali yetu vipande viwili.

Blank

Hii nyepesi. Blank ni uso ambao ungetakiwa kuwa na alama na hauna. Imetoka kwa Wafaransa, blanc, nyeupe. Karatasi nyeupe ni blank, fomu isiyojazwa ni blank, na kwenye mitihani lile swali la jaza nafasi zilizoachwa wazi ndo fill in the blanks. Cheki iliyosainiwa bila kuandikwa kiasi ni blank cheque, na naomba mtu yeyote asimpe mtu hicho kitu.

Angalia tu hapa, bahasha. Bahasha isiyo na barua ndani ni empty, bahasha isiyoandikwa jina nje ni blank, inaweza kuwa vyote viwili, inaweza kuwa kimoja. Daftari jipya ni blank. Daftari empty hakuna, labda uwe umechana kurasa zote likabaki gamba.

Na kichwa. Mtu akikaa mbele ya watu watano wa usaili akasahau hata jina la kijiji chake, "my mind went blank". Vijana wanasema nimekuwa blanki, na wamepatia kabisa, maandishi yalikuwepo yamefutika.

Bare, na mikono ya dubu

Mkono mtupu haulambwi, wote tumelelewa nayo. Lakini hiyo mikono mitupu kwa Kiingereza ni mikono miwili tofauti. Umetoka kwenu umeenda kumsalimia mama mkwe hujabeba hata sukari, hapo umekwenda empty-handed. Umekuta nyoka mlangoni ukamkamata bila fimbo wala panga, hapo umemkamata with your bare hands. Ya kwanza kilichokosekana ni mzigo, ya pili ni kifaa au kinga. Ujiji hapa jirani tu, David Livingstone alirudi mwaka 1871 mwezi wa 10 amechoka, anategemea akute bidhaa zake alizotumiwa, akakuta zimeshauzwa zote. Huyo alibaki empty-handed. Ukiandika bare-handed unamfanya aonekane alikuwa anataka kupigana.

Bare ni kitu kilichokosa kinachokifunika au kukivalisha. Miguu peku ni bare feet, waya uliochunika ni bare wire, sakafu isiyo na mkeka ni bare floor, ukuta usiopakwa wala kutundikwa kitu ni bare walls. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana taa zao zinavuta samaki vizuri kwenye giza, basi siku hizo ukipita ufukweni vichanja vya kuanikia unaviona miti na nyavu tu. Bare. Na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuvua miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, ilikuwa bare ya muda mrefu. Ila nyavu zilizoshushwa zikapandishwa bila kitu ndani hazisemwi bare, came up empty. Wametoka kapa.

Afu spelling jamani. Bear ni dubu. Nimeona CV imeandikwa anaweza kufanya kazi "with bear hands" na mwenye CV anaomba kazi ya kupakia mizigo bandarini, sijui walimtegemea aje na makucha.

Void na vacuum

Void kwenye karatasi za sheria ni batili, kitu kipo, kimeandikwa, kina na muhuri, ila nguvu haina. "Null and void" ndo wanavyopenda kuiandika, maneno mawili maana ileile, wanasheria hawajawahi kuona neno wakaridhika nalo likiwa peke yake. Risiti iliyokosewa inagongwa VOID. Usiseme mkataba ni empty, mkataba empty sijui ungekuwaje.

Ukitoka sheriani void ni utupu mkubwa, wa kutisha, usio na kingo. Mwanzo kabisa wa Biblia tunaposoma nchi ilikuwa ukiwa tena utupu, ile Biblia ya zamani ya Kiingereza imeweka void pale pale. Na msibani, mtu aliyekuwa nguzo akiondoka tunasema ameacha pengo, wao "he left a void". Hapo mtu asiandike gap, gap ni kamwanya, inamfanya marehemu aonekane alikuwa jino. Ingawa kwenye meno sisi tumewashinda bwana, tuna pengo la jino lililong'oka na tuna mwanya ambao ni urembo, mtu anaweza kuolewa kwa ajili yake, wao vyote viwili ni gap.

Vacuum ni mahali ambapo hata hewa imetolewa. Unayo nyumbani: chupa ya chai. Yule James Dewar wa Scotland aliyeitengeneza mwaka 1892 alifanya chupa mbili moja ndani ya nyingine, kati yake akanyonya hewa, joto likakosa pa kupitia kutoka. Kwahiyo chupa ikijaa chai vacuum ipo, ikiisha chai ikawa empty vacuum bado ipo, kwenye kuta. Ikianguka ukasikia kioo cha ndani kimelia, vacuum ndo imekwenda, na chai itakuwa ya baridi saa nne asubuhi. Magazeti yakiandika ombwe la uongozi, Kiingereza chake ni power vacuum.

Ikifika kwa watu kuwa mwangalifu

Mama mmoja alikuja anaombea mtoto wake msaada wa ada, kwenye barua kaandika "my husband is vacant since last year". Alitaka kusema mumewe hana kazi. Vacant kwa mtu ni yule ambaye macho yapo wazi ila ukimwangalia unaona mwenyeji hayumo, katoka kidogo. Mumewe ni unemployed. Wala usiseme idle, idle inanusa uvivu, kijana wa kijiweni asiyetaka kazi, utakuwa umemshtaki baba wa watu kwa wafadhili.

Macho: blank look ni ya mtu hajaelewa swali, sura haijaandikwa kitu. Vacant look ni mawazo yako mbali. Empty eyes inaumiza zaidi, mtu kaisha.

Vain nayo imezaliwa na neno la Kilatini la utupu. Mtu vain anajiona. In vain ni bure, nimehangaika bure. Barren ni ardhi isiyoota kitu, usimwandikie mwanamke hata siku moja, utapata kesi.

Deserted ni mahali palipokuwa na watu wakaondoka, mahame. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ile, nyumba za karibu na maji zilizoachwa ndo deserted. Haziwezi kuwa vacant, nani atapanga na kambale.

Mtego wa mwisho: tupu ambayo haina utupu

Huu ndo unaokamata hata waliosoma. Ugali mtupu sio empty ugali, sahani imejaa, kilichokosekana ni mboga: plain ugali. Uongo mtupu umejaa uongo hadi juu, hauna hata punje ya ukweli: pure lies. Kikao cha wanaume watupu ni men only, ukiandika empty men umewatukana wote kwa mpigo. Chakula chumvi tupu, it's all salt. Yaani "tupu" yetu ikifuata jina namna hii inamaanisha hicho tu na si kingine, kwahiyo jiulize tena, kipi hakipo, ukiona kisichokuwepo ni mchanganyiko basi achana na ukoo wote wa empty.

Vitenzi nivipitie haraka. Vacate the house, mpangaji anahama. Empty the house, mtu anatoa vitu vyote, na akiwa si mwenye nyumba huyo ni mwizi. Barua ya mwenye nyumba kwa mpangaji iandikwe vacate.

Jipime basi, funika majibu. Chumba cha gesti kina begi la mgeni, mgeni katoka kwenda Kibirizi? Empty ukipenda, vacant hapana. Ubao darasani asubuhi kabla mwalimu hajaandika? Blank. Kilima kilichochomwa moto hakijabaki hata jani? Bare. Karatasi ya mauziano iliyosainiwa na mtu ambaye kiwanja si chake? Void. Mti uliooza katikati bundi kaweka makazi? Hollow, na sio empty kwa sababu bundi yumo. Kreti la chupa za soda unalorudisha duka la jumla, muuzaji anauliza una chupa? Hizo wanaziita empties, hapo empty imegeuka jina kabisa.

Na hii printa yangu hapa saa hii inaniandikia "ink cartridge empty", naichomoa naitikisa nasikia wino unacheza ndani. Neno wamelichagua sawasawa. Muongo ni printa.